Barua ya wazi kwa vijana mnaosajili laini ya kwanza

Wanangu,

Mkishapata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, wengi wenu mtakimbilia kusajili laini. Someni hii kabla hamjafika kwenye mwavuli wa wakala.

Hapa Tanzania laini inasajiliwa kwa alama ya kidole. Unaweka kidole, wakala anasema, "Haijasoma, rudia." Huenda kweli haijasoma, vidole vyenye jasho au vumbi husumbua. Ila huenda pia usajili wako umeshapita, na kidole cha pili kinafungua laini nyingine kwa jina lako, ambayo hutaishika kamwe. Laini ya namna hiyo ndiyo hutuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na polisi wakiifuatilia, jina wanalolikuta ni lako. Basi ukiambiwa rudia, omba kwanza uone kioo cha simu yake kimeandika nini. Akikataa, ondoka.

Ukifika nyumbani piga *106#, uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni yenyewe, waifunge. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache.

Itazameni vizuri na namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo anayeshika nakala ya kitambulisho chako ameshajua mwaka wako wa kuzaliwa, na vijana wengi mnaufanya huo huo kuwa namba ya siri ya pesa za simu. Ibadilisheni leo, tafadhali. Nakala ya kuombea kazi iandikeni kwa kalamu katikati imetolewa kwa nani na lini, na pale steshenari hakikisheni faili limefutwa na WhatsApp yenu imefungwa kwenye kompyuta yao.

WhatsApp nayo iwekeeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada mnayoichagua wenyewe. Tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe hapewi mtu, hata akijiita mjomba.

Simu ikikosa mtandao ghafla ilhali wenzako wa mtandao huo huo wanao, usingoje kesho: huenda laini imehamishiwa kadi nyingine. Azima simu ya mtandao huo huo, piga 100, omba wafunge laini pamoja na akaunti ya pesa, ndipo uende polisi kuripoti.

Mzee wenu