Barua ya wazi kwa Waziri wa TEHAMA: Tufungulieni Facebook

Busia, Uganda
Oktoba 2025

Kwa Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA na Mwongozo wa Taifa
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC)

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili cheo chako. Ningependa kukuandikia kwa upole zaidi, lakini juzi nimeibiwa, na polisi nilikokimbilia nikapokewa kama mwizi.

Mimi ni mama muuza vitenge hapa Busia. Mzigo nautoa Kikuubo, Kampala. Wateja wangu wengi nimewapata kwenye ukurasa wangu wa Facebook: wako Tororo, Mbale, Bungoma ng'ambo ya mpaka, na wasichana wetu walioko Uarabuni wanaowanunulia mama zao nguo za sikukuu. Mtu ameingia kwenye ukurasa huo, akabadilisha nywila, akaweka namba yake ya simu mahali pa namba yangu. Wateja wakamtumia yeye pesa za vitenge ambavyo viko dukani kwangu. Sasa wananipigia wakiniita tapeli, na siwalaumu, maana jina walilolipa ni langu.

Kituoni askari alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja Facebook. Akaweka kalamu chini. "Mama, Facebook ilifungwa na serikali. Wewe ulikuwa unaingiaje?" Maelezo yangu hayakuandikwa.

Nilikuwa naingia kwa VPN, programu ya kupita mitandao iliyofungwa, Mheshimiwa, kama wanavyoingia majirani zangu wote sokoni. Natumia ya bure, maana ya kulipia inataka kadi ya benki na dola. Fundi wa simu anasema huenda ni hiyo VPN iliyochukua nywila yangu. Siwezi kuthibitisha, lakini nywila hiyo sikumpa mtu yeyote. Mwenye programu hiyo simjui, wala nchi anayokaa. Aliyenipeleka kwake namjua: ni amri ya Januari 2021 iliyofunga Facebook. Mwaka 2019 Rais alitia saini sheria ya kulinda taarifa zetu binafsi. Inalinda nini, ikiwa amri nyingine inatusukuma kuzikabidhi taarifa hizo hizo kwa watu tusiowajua?

Tunakumbuka ilivyokuwa. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Januari 2021, Facebook ilifuta akaunti ilizosema ni za udanganyifu na zinahusiana na kituo kilicho chini ya wizara yako. Tarehe 12 Rais akatangaza kwenye televisheni kwamba Facebook imefungwa. Kesho yake jioni intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18 kura zikiwa zimeshahesabiwa. Mitandao mingine ikafunguliwa baadaye. Facebook haikufunguliwa. Toka hapo tumeambiwa mara kadhaa kwamba serikali inazungumza na kampuni hiyo. Mazungumzo yamefika wapi? Nani anazungumza kwa niaba yangu?

Ugomvi wenu na wenye Facebook mnaujua ninyi na wao. Lakini wao wako Marekani, hawajafunga duka. Anayeadhibiwa ni mimi. Hata redio ya CBS ilipozimwa Septemba 2009 ilikuwa hivyo hivyo: serikali iligombana na wenye kituo, wasikilizaji wakanyimwa redio yao kwa zaidi ya mwaka. Ila CBS angalau ilirudishwa, Oktoba 2010. Sisi huu ni mwaka wa tano tunaumaliza.

Na kodi hamjaacha kutoza. Julai 2018 ilikuja OTT, kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, tukaambiwa ni kwa sababu ya lugambo, yaani umbea. Hapo ndipo watu walipojifunza VPN. Mamlaka ya Mapato ilitarajia shilingi bilioni 284 mwaka wa kwanza, ikapata bilioni 49.5. Julai 2021 OTT ikaondolewa, ikaletwa asilimia 12 juu ya bando, na hiyo haina pa kuikimbilia. Naikatwa ninaponunua bando, kisha VPN inalitafuna bando lenyewe na kufanya picha za vitenge zichelewe kufunguka hadi mteja achoke. Nikitoa pesa za simu nakatwa nusu ya asilimia nyingine. Nalipa, Mheshimiwa. Sijawahi kukataa kulipa. Nataka nilichokilipia.

Njoo Busia ujionee. Ukivuka mpaka kwa miguu, upande wa Kenya Facebook inafunguka bila VPN. Wenzangu wengine wamenunua laini za Kenya. Wanakaa dukani Uganda wanashika mtandao wa ng'ambo, na kodi ya bando lao inakwenda Nairobi. Serikali inayotuzindulia mipango ya mageuzi ya kidijitali ndiyo inayowafundisha wafanyabiashara wake kutegemea minara ya jirani.

Januari tunapiga kura tena. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya kura, mlizima mitandao ya kijamii pamoja na pesa za simu, na mnajua watu walivyokwama. 2021 mkazima intaneti yote. Safari hii msizime, tafadhali, kuna watu wanakula kwa simu hizi.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi, kwa hiyo nimekuandikia kwa Kiswahili na nategemea kujibiwa kwa Kiswahili, kwa maandishi.

Ninachoomba ni kimoja: fungua Facebook. Kama leo haiwezekani, taja tarehe. Kama tarehe nayo haipo, basi waandikie polisi wajue kwamba aliyeibiwa kupitia Facebook ameibiwa kama mwingine yeyote, apokelewe, maelezo yake yaandikwe, mwizi atafutwe. Namba aliyotumia mwizi imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Mlitusajili wote kwa lazima mkisema ni kwa ajili ya kuwakamata watu kama huyo. Mkamateni. Kisha fungua Facebook.

Wako mtiifu,
Muuza vitenge, Busia