Barua ya wazi kwa viongozi wa kwaya za vijana: laini moja, ufunguo mmoja, mtu mmoja

Wanangu viongozi wa kwaya, Bwana Yesu asifiwe.

Tangu Pasaka nimenyamaza, kwa sababu mchungaji alituomba wazee tusitie neno mpaka hasira zishuke. Zimeshuka, na kwaya haipo. Watu arobaini na kitu waliokuwa wakiimba ibada ya pili kila Jumapili leo ni makundi mawili yasiyosalimiana. Moja limebaki na sare, lingine limeondoka na kinanda. Spika ziko nyumbani kwa mtu, na huyo mtu hapokei simu. Sitaji usharika wala majina, wenyewe wanajijua. Nawaandikia ninyi nyote kwa kuwa nimeimba katika sharika za kutosha kujua kwamba maradhi haya hayako kwetu peke yetu.

Wengine wanasema chanzo ni fedha za uzinduzi wa albamu. Wengine wanasema ni kitenge cha sare, eti kilichaguliwa na mke wa mwenyekiti. Mimi nasema chanzo ni cha zamani kuliko hayo yote. Mtu mmoja, mwenyekiti, alishika kila kitu, na wengine wakaona sawa tu kwa sababu alikuwa mchapakazi.

Hebu niwaambie alishika nini. Kadi za mchango zilichapwa na namba yake ya simu, kwa hiyo ahadi zote ziliingia kwenye laini yake. Chaneli ya YouTube ilifunguliwa kwa barua pepe yake. Ufunguo wa stoo ya vyombo alikuwa nao yeye, na siku akisafiri kikazi watu walifanya mazoezi kwa kupiga makofi. Yeye ndiye aliyeongea na studio, yeye na fundi wa sare, yeye na mwenye basi. Mhazina alikuwepo, binti makini, mhasibu wa kusomea. Nilimwomba anionyeshe vitabu. Akaniletea kaunta buku lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kiasi, saini. Kurasa za mwanzo zimejaa michango ya mwezi, elfu mbili mbili. Kisha kuna ukurasa ulioandikwa juu UZINDUZI kwa herufi kubwa, umepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na chini yake hakuna hata tarakimu moja. Akaniambia, "Mzee, hizo hazikupita kwangu."

Nielewe vizuri, asitoke mtu hapa akasema mzee kamwita mwenzake mwizi. Baraza la wazee lilikaa na mwenyekiti likapitia jumbe za miamala kwenye simu yake mpaka usiku. Sehemu kubwa ya fedha ilionekana ilikokwenda: studio, kamera, ukumbi, na chakula cha mgeni rasmi na msafara wake. Sehemu nyingine haikuonekana, na mwenyewe hakumbuki. Atakumbukaje? Fedha ya kwaya imelala laini moja na fedha ya Luku, ada ya mtoto na deni la duka. Mtu mwaminifu kabisa akijiweka mahali hapo, miezi mitatu haipiti kabla hajawa mshukiwa, na akishakuwa mshukiwa anaanza kujitetea, na akianza kujitetea anaona kila anayeuliza ni adui yake.

Paulo alikuwa mtume, si mwenyekiti wa kwaya. Alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakulibeba peke yake. Someni 2 Wakorintho 8. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao amechaguliwa na makanisa yenyewe, na akasema wazi sababu yake: asije mtu akawalaumu kwa ajili ya fedha hizo. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana, na mbele za wanadamu pia. Hakusema "mnanijua mimi." Ninyi ndiyo jibu lenu la kwanza mkiulizwa hesabu: "Kwani hamnijui?" Tunakujua, mwanangu. Tunataka risiti.

Fungueni akaunti ya kikundi benki. Watia saini wawe watatu, na wasiwe mume, mke na shemeji. Taarifa ya hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wanakwaya wote, hata yule wa sauti ya pili aliyejiunga juzi. Barua pepe ya chaneli iwe ya kwaya, na nywila waijue watu wawili. Ufunguo wa stoo uwe na nakala kwa mhudumu wa kanisa. Haya si mambo ya kiroho sana, najua. Ndiyo maana mnayadharau, kisha mnakesha mkikemea pepo wa mafarakano.

Mwenyekiti wetu alikuwa na methali yake tayari. Kila aliposhauriwa agawe kazi alisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Haya, methali ni ya kweli, na mimi nimekulia pwani naijua kuliko yeye. Lakini nani alimwona nahodha anayeshika usukani huku anatweka tanga, anafua maji na kupika ugali, wakati mabaharia wamekaa kwenye magunia wanamtazama? Hicho chombo kitakwenda mrama hata kikiwa na nahodha mmoja tu. Anakuwa nahodha kwa kuwa kuna watu anaowaamini washike kamba.

Na Musa je? Katika Kutoka 18 mkwewe Yethro alimkuta ameketi tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, foleni haiishi. Sisi tungempigia makofi na kusema anajitoa sana. Yethro alimwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema." Akamweleza kwamba atajichosha yeye na watu wake pia, kisha akampangia: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Angalieni pia aliyesema. Kuhani wa Midiani, mgeni aliyekuja kumrudishia mke na watoto. Musa, aliyekuwa akisema na Mungu, alimsikiliza mgeni. Kwetu mtu wa usharika wa jirani akitoa neno, tunamwuliza ametumwa na nani.

Hapa lazima niwageukie wazee wenzangu, maana vijana hawa hawakujifunza hewani. Nani aliwafundisha kwamba mgeni rasmi huchaguliwa kwa uzito wa mfuko wake? Nani anakaa meza kuu kwenye kamati za harusi akishika daftari, simu na kipaza sauti kwa wakati mmoja? Tuna ofisi ambazo bosi akiugua mafua, muhuri unafungiwa kabatini na wananchi wanarudishwa nyumbani. Tuna vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo mama mwenyekiti akihama mtaa, kikundi kimehama naye. Halafu tunashangaa kijana wa miaka ishirini na tisa akiitwa "Mheshimiwa Mwenyekiti" anavimba. Vijana sisi tunawakumbuka wakati wa kubeba viti na kupanga magari. Tukiona kuna mmoja anayefanya yote, tunashukuru kwamba hatusumbuliwi, na tunakwenda zetu kunywa chai.

Haikuwa hivi siku zote. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulitembea kwa timu. Joe Church alikuwa daktari Mwingereza, Simeon Nsibambi alikuwa Mganda asiye mchungaji, na mdogo wake Blasio Kigozi alikuwa mwalimu pale Gahini. Kigozi alifariki mwaka 1936, angali kijana, na kazi haikusimama. Ilifika Uganda yote, Kenya, Burundi, na kwetu ikaingia kwa upande wa Bukoba. Walikuwa wakiungamiana makosa uso kwa uso, mzungu kwa mwafrika, katika zama ambazo wengi hata meza moja hawakukaa. Nao walikwaruzana sana, msidhani walikuwa malaika. Ila hakuna aliyeondoka na uamsho kwapani.

Na mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana yakawa kanisa moja. Saba, kila moja na wamisionari wake, lugha zake na mali zake. Ninyi mmeshindwa kugawana kinanda.

Sasa nitaje mengine kwa haraka, maana nimekwisha kuwachosha. Mazoezi yaanze saa mliyotangaza. Muhtasari wa kikao usomwe kikao kinachofuata. Kila kinanda kiwe na wapigaji wawili, mmoja akifundishwa na mwenzake. Anayekosa nauli ya mazoezi atafutwe kwa siri, asitangazwe. Mtu asitolewe kwenye kundi la WhatsApp kabla hajaendewa nyumbani. Solo isiwe ya mtu mmoja mwaka mzima. Uchaguzi ufanyike muda wake ukifika, hata kama "mambo yanaenda vizuri."

Hili la manung'uniko nisilipite. Wanawake wa sauti ya pili walilalamika miaka miwili kwamba safari za nje ya mkoa wanachaguliwa walewale. Wakaitwa wachochezi. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, wakanung'unika, na mitume hawakuwaita wachochezi. Waliwaambia watu wachague saba. Tazameni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kazi ilikabidhiwa upande ule ule uliokuwa umelalamika. Jaribuni siku moja. Anayelalamika kuhusu safari mpeni yeye orodha ya safari aipange, mbele ya watu.

Kwenu mlioondoka na mwalimu wa kwaya na kinanda: sitawatukana. Paulo na Barnaba walishindana mpaka wakatengana kwa sababu ya Marko, na wote wawili waliendelea kuhubiri. Miaka ilipopita Paulo alimwandikia Timotheo, "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Imbeni huko mliko. Ila vyombo si vyenu, vilinunuliwa kwa sadaka za watu, wakiwemo wajane. Kinanda kirudi na adapta yake.

Kikao cha makabidhiano ni Jumamosi hii saa tisa alasiri, ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Tutaanza kwa chakula, maana nimeona watu wenye njaa hawapatani. Agenda ni vyombo, hesabu, halafu uchaguzi. Wa makundi yote mawili waje.

Na wewe mwenyekiti wangu, najua unasoma. Miaka sita umeacha usingizi wako kwa ajili ya kwaya hii, na hakuna siku tuliyokuita mbele tukakushukuru. Njoo. Kama miguu inakuwa mizito kuingia peke yako, nipigie, nitakupitia nyumbani saa nane na nusu.

Mzee wenu wa kanisa, mstaafu,
sauti ya nne.