Wapulizaji watatu, hawafanani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu muziki wa jazi iliitaja santuri ya A Blowin' Session kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni mashindano ya kasi na kelele. Naomba kutofautiana nanyi. Ilirekodiwa tarehe 6 Aprili 1957 huko Hackensack, New Jersey, wakati hadibopu (hard bop), mtindo wa jazi wenye mapigo mazito na ladha ya bluzi, ulipokuwa umeshamiri, na iliwakutanisha wapulizaji watatu wa saksofoni ya tenori: Johnny Griffin, kiongozi wa kikao hicho cha kurekodi, pamoja na John Coltrane na Hank Mobley. Ni kweli kwamba Griffin, mzaliwa wa Chicago, anakimbia mno katika wimbo wa kwanza (hata mimi huchoka kumfuata), lakini msikilizaji mtulivu atatambua kuwa Mobley hajaribu kumkimbiza, bali anazungusha sauti yake laini nyuma kidogo ya mapigo, ilhali Coltrane anatafuta njia yake kwa ukali na wasiwasi. Nyuma yao, ngoma za Art Blakey zinamsukuma kila mmoja kwa namna yake. Lee Morgan, mpiga tarumbeta wa kikao hicho, alikuwa na miaka 18 tu.

Msomaji wenu,
Tanga