Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa: Kabla Hujatususishia Los Angeles

Mheshimiwa,

Shikamoo. Poleni na majukumu.

Nianze kwa kukupongeza kwa hotuba yako ya Jumapili kwenye bonanza. Ilipigiwa makofi, vuvuzela zikalia, vijana wa bodaboda wakapiga honi mpaka ile sehemu ya hotuba kuhusu barabara ya lami sikuisikia. Lakini iliyotangulia niliisikia vizuri sana. Ulisema Tanzania haina haja ya kupeleka wanamichezo Olimpiki ya Los Angeles 2028 mpaka hao wakubwa wajifunze kutuheshimu, na kwamba tukisusia mara moja tu watatutafuta wenyewe.

Mimi nilikuwa upande wa jua, nyuma ya spika, na vijana ninaowafundisha mbio. Walikuwa wamevaa fulana ulizotuletea, zile zenye picha yako. Hawakupiga makofi. Tukiwa kwenye daladala kurudi Sakina, hapa Arusha, binti mmoja akaniuliza, "Kocha, sasa pasipoti yangu itakuwaje?"

Huenda umesahau habari ya pasipoti, una mambo mengi. Mwaka jana ulituambia vijana wenye vipaji wawe na pasipoti mkononi, nafasi ikija isiwakute wanahangaika. Mama yake huyu binti anauza mboga Ngaramtoni. Aliuza mbuzi wake wawili, akaongezea za kikoba, akalipa shilingi 150,000. Kile kitabu kipya kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kinakaa ndani ya sanduku la nguo, na hakijawahi kugongwa muhuri wa nchi yoyote. Nilimjibu kwamba wewe ulikuwa unaongea tu. Naomba usinifanye mwongo.

Sijui kilichokuudhi. Wapo wanaosema ni viza, kwamba kuna mtu wako alinyimwa. Wengine wanasema umechoshwa na wazungu kutusema kuhusu siasa zetu. Mimi nahisi ni kipaza sauti tu. Mtu akishikishwa kipaza sauti mbele ya watu wengi, ulimi hupata mbio kuliko wanariadha wangu. Lakini ulimtaja Mwalimu. Ulisema alisusia Montreal mwaka 1976 na dunia ikatetemeka. Kwa kuwa ulimtaja, tumtaje vizuri.

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini kwa Makaburu, wakati damu ya wanafunzi wa Soweto haijakauka. Afrika ikasema New Zealand wasiruhusiwe Montreal. Wenye Olimpiki wakajibu kuwa raga si mchezo wao. Zaidi ya nchi ishirini zikakaa nje, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Lakini Tanzania ile haikusimama kwenye bonanza ikasusia halafu ikaenda kula nyama choma. Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapigania uhuru walikuwa na kambi Kongwa. Nchi nzima ilikuwa imeingia gharama miaka mingi kabla ya kumwambia mwanariadha naye atoe ya kwake.

Na mwanariadha alitoa, Mheshimiwa. Huyo unatakiwa umjue, maana ni mtoto wa Karatu, mkoa huu huu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Alikimbia mbele tangu mlio wa bastola. Na ilikuwa wapi? Christchurch, New Zealand kwenyewe, na aliyemfuata nyuma alikuwa mwenyeji, John Walker. Dunia ilisubiri miaka miwili wakutane tena Montreal. Walker akaenda, Bayi akabaki. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mbio ya taratibu, sekunde saba nyuma ya rekodi ya Bayi, ambayo siku ile ilikuwa bado inasimama. Wapo wanaosema Bayi aliugua malaria mwaka ule na huenda asingeshinda. Inawezekana. Hatutajua kamwe, na hiyo ndiyo gharama yenyewe.

Ile timu ya raga nayo haikurudi nyumbani. Iliendelea na ziara yake mpaka mwisho. Sawa, mwaka uliofuata nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kule Gleneagles kuzuia mahusiano ya michezo na Makaburu, kwa hiyo sisemi kule kususia kulipotea bure. Kulisaidia. Kulisaidia kwa sababu madai yalikuwa moja na yanaeleweka hata kwa mtoto, na kwa sababu hatukuwa peke yetu.

Sasa hii sehemu ya pili ya historia ndiyo uliyoiruka, labda muda haukutosha. Mwaka 1980 Marekani ilitaka dunia isusie Moscow kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Rais Carter akamtuma Muhammad Ali, bondia tuliyempenda wote, aje Dar es Salaam kutushawishi. Mwalimu hakumpokea. Jirani zetu Kenya walikubali kususia, sisi tukaenda. Bayi akarudi na fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5,000. Mheshimiwa, hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo nchi hii imewahi kupata hadi leo. Zote mbili zilipatikana mwaka tuliokataa kususia. Hili ningefurahi sana kulisikia kwenye spika siku ile.

Mwaka 1984 Warusi nao wakasusia, na wenzao. Sisi tukaenda, tena wapi? Los Angeles! Juma Ikangaa akamaliza wa sita kwenye marathoni. Halafu mwaka 1986 Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh tukaisusia pamoja na nchi zaidi ya thelathini, kwa sababu serikali ya Uingereza ya Thatcher ilikuwa inawabembeleza Makaburu. Ikangaa huyo huyo, aliyepata fedha ya marathoni kwenye michezo hiyo Brisbane mwaka 1982 nyuma ya Mwaustralia Robert de Castella, alibaki nyumbani, na de Castella akashinda tena.

Kwa hiyo angalia mwenyewe. Ugomvi wa wakubwa kwa wakubwa hatukuuingiza uwanjani. Tulisusia kwa ajili ya ubaguzi wa rangi. Wewe unataka tususie kwa ajili ya nini hasa? "Kutuheshimu" ni kitu gani, kinapimwaje, na tutajuaje siku wameshatuheshimu ili binti wa Ngaramtoni aruhusiwe kukimbia?

Na kama ni kususia kweli, mbona tunaanza na wasio na kitu? Susieni kwanza semina na warsha za huko. Susieni posho za safari. Warudisheni watoto wenu wanaosoma huko. Mkishafika hapo mkatugeukia, mimi mwenyewe nitawaambia vijana wavue raba.

Raba zenyewe, kwa kuwa nimezitaja. Mimi ni muuza mitumba, soko la Kilombero. Belo likifunguliwa natafuta kwanza raba za mbio kabla sijatafuta mali ya kuuza, na mke wangu ameshasema mpaka amechoka. Huyo binti anakimbilia raba zinazompwaya. Tumejaza sponji ya godoro mbele, na soli ya kulia imepigwa gundi mpaka fundi sasa anakataa hela. Spaiki, vile viatu vya mbio vyenye misumari, ulituahidi wewe, mbele ya diwani na wazazi, ukasema "kabla ya mvua." Mvua zimekuja zikaenda, zikaja tena. Nimepiga simu, nimeambiwa uko kikaoni. Nimeandika, nimeambiwa barua imepokelewa. Zikaja fulana.

Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03, ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka picha yake kwenye ukurasa wako. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya nchi yetu kwenye mashindano yale. Simbu amefanya mazoezi Arusha hii hii, vijana wangu wamemwona kwa macho. Walipoiona ile picha walianza kuamka bila kuamshwa. Halafu ukaja wewe na bonanza.

Sikuombi uwanja. Huo wa Olmoti wa AFCON 2027 tunauona ukipanda, ni wa mpira, hongereni. Sikuombi hata nauli ya mashindano ya taifa, tutachangishana kama kawaida yetu. Naomba uifute ile kauli. Hadharani, kwa kipaza sauti kile kile, useme vijana waendelee na mazoezi na kwamba hakuna aliyekutuma kuwasusishia.

Kama kuifuta ni kazi, basi njoo uirudie mbele yao. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya vumbi ya kuelekea Ngaramtoni, kabla magari hayajawa mengi. Uwaangalie usoni, uwaambie wasiende. Dereva wako akipotea aulize wapi watoto wanakimbia, ataonyeshwa.

Na ukija njoo na zile spaiki. Namba 38, 39 na 41. Za binti ni 38.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kocha wa mtaani na muuza mitumba, Sakina, Arusha