Aliyejikata mikono hakuwa chizi

Mhariri, habari za kazi.

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi tu, huwa siandikagi, ila safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mwandishi wenu wa filamu kaigusia The Unknown, ile filamu ya kimya ya mwaka 1927 ya Tod Browning, kaipa mistari kumi hivi halafu kamalizia eti haiingii akilini, hakuna mtu mwenye akili timamu atajikata mikono miwili kwa sababu ya mapenzi. Nikajiuliza huyu ndugu yetu ashawahi kukaa na watu wa sarakasi hata wiki moja? Mimi nimekaa nao miaka tisa.

Kwa ambao hamjaiona, kisa kiko Madrid kwenye sarakasi ya mahema. Alonzo, kacheza Lon Chaney, anajifanya hana mikono, visu anarusha kwa miguu, bunduki anapiga kwa miguu, na anayekaa pale visu vikimpitia pembeni ni Nanon, binti wa mwenye sarakasi, huyo ni Joan Crawford bado kabinti tu hajawa nyota. Kumbe mikono jamaa anayo! Anajifunga kila siku kama mzazi anavyojifunga mkaja, maana ni mhalifu anatafutwa na mkono mmoja una vidole gumba viwili, polisi wakiuona kwisha habari yake.

Sasa Nanon naye mikono ya wanaume anaiogopa kama nyoka. Kuna mbabe mmoja anaitwa Malabar anampenda, kila akimsogelea binti anakimbia, na anapokimbilia ni kwa Alonzo asiye na mikono. Alonzo anaona kashapata. Usiku mmoja mwenye sarakasi anaiona ile mikono, Alonzo anamnyonga palepale, binti anachungulia dirishani sura haioni ila kile kidole gumba anakiona. Haya mpigie Alonzo hesabu hapo: akimuoa, siku ya kwanza tu kajulikana. Anaenda kwa daktari mmoja ambaye Alonzo anaijua siri yake, anamlazimisha, inakatwa yote miwili. Anarudi kapona, anakuta Malabar taratibu kamzoesha binti, hofu imeisha, wanaoana, na Nanon anampa hiyo habari kwa furaha kabisa kama mtu anavyompa rafiki yake.

Pale Chaney anacheka, anacheka mpaka kile kicheko hukielewi tena ni nini. Wazazi wa huyu mtu wote wawili walikuwa viziwi, kakua anaongea nao kwa uso na mikono, na humu mikono kafungwa kwa hiyo kabaki na uso peke yake. Nimeirudia hiyo sehemu kwenye simu mara nyingi mno, mke wangu anauliza we baba unaangalia nini usiku huu. Na Browning naye hakuokota stori barabarani, alitoroka kwao akiwa kijana mdogo akafuata sarakasi. Hata miguu mnayoiona ikifanya kazi za mikono, sehemu nyingine ni ya Paul Desmuke, mtu ambaye mikono hakuwa nayo kweli.

Ila nilichotaka kusema hasa ni hiki. Mimi nilikuwa mtu wa chini, yaani kwenye piramidi mimi ndo nasimama ardhini wengine wananipanda. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye mchanga Coco Beach asubuhi kabla jua halijawa kali, mwalimu wetu kafundishwa na wale wazee waliopelekwa China miaka ya 60 kujifunza sarakasi, kwa hiyo utani hakuna, ukikosea unarudia mpaka uombe poo. Tulikuwa watatu kwenye onyesho letu, mimi chini, rafiki yangu mabegani kwangu, na juu kabisa binti mmoja ambaye sitamtaja ana familia yake sasa hivi. Wote wawili tulikuwa tunampenda, wote tunajua, hakuna anayesema.

Bega langu la kulia likaanza kuchomoka. Daktari akasema pumzika miezi mitatu. Mhariri, miezi mitatu ni mtu mwingine anasimama pale chini! Nikanunua bandeji, nikameza dawa za maumivu, nikaenda hivyo hivyo hoteli kwa hoteli kwa karibu nusu mwaka, mpaka siku moja likachomoka likakataa kurudi vizuri. Leo hata nguo kwenye kamba siwezi kuanika, mkono hauvuki usawa wa sikio. Nikiwa nimelala nyumbani Tandika nauguza ndo nikaletewa taarifa kwamba wale wawili wamechumbiana. Na aliyeniletea ni yeye mwenyewe binti, kaja na maandazi ya moto, anacheka.

Nilikuwa chizi? Mbona kila siku nilikuwa naamka nahesabu vizuri tu hela ya daladala.

Kitu kingine mwandishi wenu hajakigusa kabisa ni mwisho wake. Malabar ana mchezo wa kufungwa mikono kwenye farasi wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, wanakimbia juu ya mikanda inayozunguka kwa hiyo hawaendi popote. Mkanda ukisimama wanamchana. Alonzo anausimamisha. Watu wakifika hapo wanamwita shetani.

Kipindi kile bega linaniuma na nishaanza kuona wale wawili wanavyoangaliana, yule jamaa alikuwa anasimama mabegani kwangu kila Ijumaa na Jumamosi, chini sakafu ya marumaru. Nusu hatua tu pembeni ingetosha, na kila mtu angesema pole ni bega lile. Sikusogea. Ila kuna Jumamosi moja unyayo ulishainuka.

Mtu wa Chini,
Tandika, Dar es Salaam