Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: posta yetu, simenti yangu na dirisha la baraza

Ba papa, ba mama, ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu hapa Lubumbashi nikaahidi kwamba mvua za Novemba hazitaingia tena katika posta yetu, jengo la zamani ambalo chama chetu kinalitunza. Kwa juu hazikuingia. Zilipitia ukutani, na kosa ni langu, kwa hiyo nianze nalo.

Mnajua matofali yale ni ya udongo wa kichuguu, yaliyochomwa kwa kuni, kama matofali mengi ya Katanga mpaka leo. Ni laini. Masika hunywa maji, kiangazi huyatoa polepole kupitia viungo vya chokaa. Mwezi wa nane fundi alishauri tuzibe nyufa za chini kwa simenti. Nikakubali upesi, maana mfuko ulikuwepo, na simenti ukishaipaka unaona kama kazi imekwisha. Lakini simenti ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Maji yalipokuta viungo vimezibwa yalitafuta njia kwenye uso wa tofali, na kufikia Januari ukuta wa kusini ulikuwa unabanduka vipande vipande. Nilishika kimoja mkononi, kikawa unga mwekundu. Mzee wetu mmoja, fundi mwashi tangu ujana wake, alinitazama tu bila kusema neno. Afadhali angenigombeza.

Tangu Mei tunaitoa simenti hiyo kwa patasi na nyundo ndogo, mstari kwa mstari, kisha tunarudishia chokaa na mchanga. Chokaa tunaitoa Kakontwe, upande wa Likasi. Kazi hii imekula pesa yote ya rangi. Wanaouliza kwa nini mbele ya jengo bado kuna madoa, jibu ndilo hilo.

Paa halina maneno mengi. Manjanja (mabati) ya upande wa mashariki yamebadilishwa, misumari imewekewa mipira, na mifereji tumeisafisha. Ndani yake tulikuta viota vya njiwa na mpira wa watoto.

Jambo lililotuchukulia mikutano mitatu ni dirisha la baraza. Kwa wanachama wapya nieleze kidogo. Posta yetu ilijengwa wakati wa Wabelgiji, ikiwa na baraza pana mbele na kando ili jua lisipige kuta. (Neno lenyewe walilichukua kwetu, wakaliandika barza, wakaenda nalo mpaka kwenye ramani za nyumba zao.) Mlango mkubwa unaingia kwenye chumba chenye kaunta ya mbao ya mulombwa na magishe mawili, yaani madirisha ya kuhudumia watu. Ila kando, kwenye baraza, kuna dirisha dogo, halizidi kitabu cha shule kilichofunguliwa, lenye kifuniko cha mbao. Mama mmoja mwanachama alitusimulia kwamba baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alituma pesa kwao Kasai kupitia hapo. Ndani hakuingia. Mlango mkubwa haukuwa wa mtu mweusi.

Wengine walitaka tulizibe, wakisema ni aibu kulitunza. Vijana walitaka kibao kirefu cha maelezo. Mimi sikuwa na upande mpaka siku ya salongo (kazi ya pamoja) ya Machi, tulipoosha vumbi. Ukingo wa kaunta ya ndani bado una pembe zake kali, kama umetoka kwa seremala juzi. Ukingo wa lile dirisha la nje umelika katikati kama jiwe la kusagia, kwa viwiko na mikono ya watu. Nikawaita wote waje waupapase. Baada ya hapo kura haikuchukua muda: dirisha linabaki, kifuniko chake kitengenezwe, kifunguke na kufungika. Kibao kitakuwepo, lakini kifupi.

Mwezi wa sita tulileta vijana mjini waione Posta Kuu, pale kwenye uwanja wenye sanamu ya Moïse Tshombe, aliyekuwa kiongozi wa Katanga, uwanja ambao wengi wetu bado tunauita uwanja wa posta. Nilitaka waone tofauti. Ile ya mjini imejengwa ili mtu aione kwa mbali. Yetu ni nyumba tu, imeongezewa kaunta na masanduku ya barua. Lakini zote mbili ni watoto wa reli. Treni ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na kila iliposimama palihitajika mtu wa kupokea mfuko wa barua. Kijana mmoja aliuliza kama barua ilisubiri treni kweli. Wazee walicheka sana. Mimi sikucheka, maana na mimi sijaandika barua miaka mingi.

Mwanachama mmoja ametuletea bahasha za marehemu mjomba wake. Ninayoipenda ina tembre (stempu) ya Kongo ya Kibelgiji iliyopigwa chapa ya neno KATANGA juu yake. Tshombe alipotangaza Katanga kujitenga na Kongo, Julai 11, 1960, posta ilihitaji stempu kabla ya kuwa na za kwake, ikatumia zilizokuwa stoo. Januari 1963 mambo hayo yalikwisha. Bahasha tumeziweka kwenye karatasi isiyo na asidi, ndani ya sanduku la bati ili mchwa wasizile. Naomba msiziguse kwa mikono yenye mafuta. Mwezi wa saba mtu alizishika akitoka kula bukari, na alama ya kidole ipo.

Kuhusu ulinzi wa kisheria: sheria ya mali za utamaduni ipo tangu Machi 15, 1971, na jengo likishaandikishwa chini yake mtu hawezi kulibomoa wala kulibadilisha bila ruhusa. Letu halijaandikishwa. Mwaka huu tumemaliza vipimo vya vyumba vyote, picha za kila ukuta, na mchoro wa kaunta. Faili sasa linajaa, linakosa tu saini za wazee wa mtaa. Katibu anapita nyumba kwa nyumba.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Nitasema tu kwamba michango ya wanachama wa mjini inachelewa kuliko ya wale wanaoishi karibu na posta, na wa mjini ndio wenye maoni mengi.

Salongo ijayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, ukuta wa kusini. Leteni patasi, nyundo ndogo na ndoo. Anayekuja na simenti atarudi nayo nyumbani.