Usitie saini, mwanangu

Mwanangu,

Karatasi yako uliisahau kwenye printa. Sikuwa napekua, nilikuwa natoa ramani zangu za kazini, ikatoka pamoja nazo, nikaona jina lako nikakaa chini. Ni ukurasa mmoja tu wa mkataba na yule bwana wa video anayedai kwamba wakati unaweza kurudi nyuma, lakini kifungu cha saba nimekisoma mpaka nimekikariri: kwamba utaahirisha chuo mwaka mzima, na kwamba mbele ya kamera utasoma maneno utakayoandikiwa bila kubadilisha hata moja. Usitie saini. Nakuandikia kwa sababu tukianza kuongea utapaza sauti, mimi nitapaza zaidi, na mdogo wako ana mtihani.

Kwanza nikupe haki yako. Ulichomwambia mjomba wako juzi ni kweli: zipo galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinazotuacha kwa kasi kupita ya mwanga. Mjomba alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa hesabu hiyo nimeiona kwenye daftari lako na najua uliipiga mwenyewe. Kila megaparseki moja ya umbali, yaani miaka ya mwanga milioni 3.26 hivi, inaongeza kasi ya kutuacha kwa takriban kilomita 70 kwa sekunde. Ukachukua kasi ya mwanga, kilomita 299,792 na ushee kwa sekunde, ukaigawa kwa 70, ukapata megaparseki 4,280 hivi, ambazo ni karibu miaka ya mwanga bilioni 14. Kilichoko ng'ambo ya hapo kinatuacha upesi kuliko mwanga. Sawasawa kabisa. Hata pembeni umeandika kwamba wapo wanaopata 67 na wapo wanaopata 73, na kwamba hawajapatana. Daftari hilo nililipeleka kazini nikawaonyesha wenzangu, usinune.

Lakini mstari unaofuata umeandika: "Kwa hiyo wakati unaweza kurudi nyuma." Hapo katikati hakuna hesabu hata moja. Mwandiko ni wako, ila maneno ni ya yule bwana wa video.

Mimi kazi yangu ni vigingi vya kupimia viwanja, basi nikuambie kwa vigingi. Chukulia vimepigwa kwenye mstari mmoja, kila kimoja na mwenzake mita kumi, halafu ardhi yenyewe ianze kutanuka. Hakuna kigingi kilichong'oka. Hata hivyo cha jirani kinasogea kidogo na cha mwisho kinasogea sana, kwa sababu kati yako na hicho cha mwisho ipo ardhi nyingi zaidi inayotanuka. Mwanafizikia Georges Lemaître alilifikia jambo hili kwa hesabu mwaka 1927, na mwanaastronomia Edwin Hubble akachapisha vipimo vyake mwaka 1929. Kasi ile iliyokutia wazimu ni jumla ya mtanuko wa umbali wote huo. Galaksi haijashindana mbio na mwali wa mwanga ikaushinda. Ungekuwa umesimama kule kule iliko ukawasha taa, mwanga ungekuacha kwa kasi ile ile tunayoijua hapa. Na wao kule wanatuona sisi ndio tunaokimbia. Je, wewe unajihisi unarudi jana?

Yule bwana hakutunga uongo mtupu, na hapo ndipo penye mtego. Kwenye nadharia ya Einstein ya mwaka 1905, ujumbe ukiweza kuupita mwanga, basi wapo watazamaji walio mwendoni ambao kwao ujumbe huo utafika kabla haujatumwa, na ukiwa na mitambo miwili ya namna hiyo unaweza kupata jibu kabla ya kuuliza swali. Hilo ni kweli. Ila sharti lake ni ujumbe uupite mwanga. Galaksi zinazotuacha hazitoi ujumbe wa namna hiyo. Kinachotufikia kutoka kwao ni mwanga uleule, umevutwa ukawa mwekundu, umechelewa. Tena mtanuko unatufungia milango. Galaksi iliyo mbali kuliko miaka ya mwanga bilioni 16 hivi, mwanga wake unaoondoka leo hautafika hapa kamwe. Anayetafuta njia ya mkato amechagua ukuta.

Utanitajia Gödel, yule mwanahisabati, nakujua. Ni kweli, mwaka 1949 alipata jibu la milinganyo ya Einstein ambamo msafiri anaweza kuzunguka akajikuta kwenye jana yake. Lakini ulimwengu wa Gödel unazunguka na hautanuki. Wetu unatanuka, na vipimo havijaonyesha kwamba unazunguka. Sasa mtu anakuletea mtanuko kama ushahidi wa jambo ambalo Gödel alilipata pasipo na mtanuko! Ulipaswa kulikamata hilo wewe, si mimi niliyeishia kupima viwanja.

Usitie saini, baba.

Kama unataka kuona saa za huko mbali zinakwendaje, zipo supanova za aina ya Ia, yaani nyota zinazolipuka, zinazowaka na kufifia kwa mpangilio unaojulikana. Ukiitazama iliyo mbali kiasi kwamba mawimbi ya mwanga wake yamevutika mara mbili, kuwaka na kufifia kwake nako kunachukua muda mara mbili. Inaonekana polepole, lakini inakwenda mbele: kwanza inawaka, ndipo inafifia. Haijaonekana hata moja iliyofifia kabla ya kuwaka. Ni supanova hizo hizo zilizoonyesha mwaka 1998 kwamba mtanuko unaongeza kasi, na wanasayansi walioongoza kazi hiyo, Perlmutter, Schmidt na Riess, wakapewa Nobeli mwaka 2011. Hawakuandikiwa cha kusema. Walitegemea kukuta mtanuko unapungua kasi, wakakuta kinyume chake, wakatangaza kinyume hicho.

Mwaka huo huo wa 2011 kulikuwa na mkasa mwingine, na huu nataka uusome mara mbili. Kikundi cha wanasayansi cha OPERA kilipima nyutrino, chembe ndogo mno, zilizorushwa kutoka maabara ya CERN, nje kidogo ya Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730 hivi zikipenya miamba. Zikaonekana zimewahi kuliko mwanga kwa nanosekunde 60, yaani sehemu 60 za bilioni za sekunde. Wangeweza kufungua chaneli. Badala yake walijikagua miezi, kisha wakaweka kila kitu hadharani na kuwaomba wengine watafute kasoro. Mwaka 2012 kasoro ikaonekana: kebo ya fiba haikuwa imekazwa vizuri. Mimi kebo zimenirudisha uwandani mara nyingi, kwa hiyo sikuwacheka. Lakini jiulize: huko unakoitwa, ukigundua kebo imelegea, kifungu cha saba kitakuruhusu useme?

Wala sitaki udhani mama yako anakataa safari ya wakati kwa sababu hajaielewa. Naitumia kila siku. Setilaiti za GPS, ninazopimia viwanja, ziko juu kilomita 20,200 hivi. Kwa sababu zinakwenda kasi, saa zake zinachelewa sehemu 7 za milioni za sekunde kwa siku. Kwa sababu mvutano wa dunia kule juu ni dhaifu, zinawahi sehemu 45. Toa 7, zinabaki 38. Ni kidogo sana, ila katika muda huo mwanga umeshakwenda zaidi ya kilomita 11. Kama wasingezirekebisha, ningepiga vigingi vya mtu kwenye uwanja wa mwingine kabla ya saa sita mchana. Na yupo Gennady Padalka, mwanaanga wa Urusi, aliyekaa angani siku 878 kwa jumla. Kwa hesabu hizo hizo ametuwahi kuifikia kesho kwa takriban sehemu 2 za mia za sekunde. Hiyo ndiyo safari iliyopo, ya kwenda mbele. Video nzima ungeweza kuitengeneza kwa hilo tu na isingekuwa na uongo.

Sasa nigusie nilichokuwa nakizunguka. Siku unayotaka kuirudia naijua, sina haja ya kuitaja, wote wawili tulikuwepo. Najua pia ulianza kuangalia video hizo msimu ule nilipokuwa natoka alfajiri na kurudi umeshalala. Kazi ya mkoani ilikuwa lazima, na pengine siyo yote ilikuwa lazima. Yule bwana alikuwepo saa saba usiku, nakubali. Lakini kuwepo saa saba usiku si hesabu. Ukitazama galaksi ya Andromeda unaona mwanga ulioondoka miaka milioni 2.5 iliyopita, na unaona tu. Huwezi kunyoosha mkono ukagusa kitu cha siku ile ukakipanga upya. Nami ningependa. Nisingekuwa wa kwanza kwenye foleni?

Nenda chuo. Ukifika mwaka wa tatu, umeshika milinganyo yenyewe mkononi, bado unaona jana inafunguka, niletee karatasi nitakaa nisome mstari kwa mstari. Ila usiniletee maneno ya kukariri. Unayo akili ya kuuliza, tangu mdogo ulikuwa unanichosha, na sasa unataka kuikodisha kwa mtu asiyeonyesha hata mlinganyo mmoja. Hilo linaniuma kuliko mwaka utakaopotea. Akikupigia mwambie mama anataka mkataba wote, siyo ukurasa mmoja. Akikataa kuutoa, basi umeshapata jibu. Usitie saini hata kama atasema nafasi inafungwa leo.

Fomu ya bweni inataka picha mbili za pasipoti na uliyonipa ni moja. Paa la chumba chako limeanza tena kuvuja upande wa dirishani. Fundi anakuja Alhamisi, kwa hiyo toa yale maboksi ya vitabu mapema, maana fundi huyu hahamishi vitu, anafunika tu na kuendelea. Blanketi zito nimelifua, usiliache kwa kuwa eti ni la zamani. Mdogo wako anauliza kama anaweza kuhamia chumbani kwako ukiondoka. Nimemwambia akuulize wewe. Mjibu vizuri, na umrudishie chaja yake.

Mama yako